Somo: Kusaka rangi za mkeka wakati wa kipupwe, Tanga

Kuanzia Juni mpaka Agosti, kusi likivuma, wasukaji wengi hapa Tanga hurudia rangi zilezile: nyekundu, kijani, zambarau, basi. Ukiuliza utaambiwa baridi imewaondolea hamu. Mimi naona kipupwe ndio wakati wake hasa, maana mwanga wa asubuhi ni mpole, hauzipaushi rangi machoni kama jua la Januari. Hata mshona kofia somo hili litamfaa.

1. Tengeneza kishada. Chukua mabaki ya ukindu (majani ya kusukia mkeka) uliotiwa rangi, kila rangi kipande cha urefu wa kidole, uvifunge pamoja ncha moja. Tembea nacho hicho, simu iache mkobani. Simu nyingi zambarau huigeuza buluu.

2. Anza kabatini. Zitandaze kanga zako kitandani. Kisutu kina nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, na bibi harusi hajakichoka mpaka leo. Tazama pindo lilivyobeba rangi na mji, yaani sehemu ya katikati, ulivyoachiwa nafasi. Hapa usiharakishe, kwa sababu kinachoharibu mikeka mingi ni kiasi, wala si rangi yenyewe. Kijani kinachokuudhi kikijaa mkeka mzima, kitie njia mbili tu, yaani mistari miwili, kando ya nyeusi uone kitakavyopendeza. Andika daftarini idadi ya njia: nyeusi nne, nyeupe tatu, kijani mbili.

3. Nenda sokoni mapema. Chungwa la Muheza huwa limeiva na ngozi bado ya kijani, yenye mabaka ya njano yasiyo na mpaka. Sogeza kishada karibu, tafuta kipande kinachofanana nalo. Muuzaji atakushangaa, nunua mawili matatu, yaishe.

4. Ukipata nauli, panda Lushoto. Kutoka Mombo ni kama kilomita 33 za kona, na Julai uchukue sweta. Ukungu ukianza kuinuka, mlima wa mbele huwa kijani kizito, wa nyuma yake kijivu, wa mwisho karibu ufanane na mbingu. Hapo una mkeka mzima wa rangi moja iliyopungua hatua kwa hatua. Kuna pia ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka kwao baada ya kuliona mwaka 1892. Zambarau tele, katikati njano chembe. Ingekuwa nusu kwa nusu nisingelitazama mara mbili.

5. Chovya kidogo kwanza. Chemsha maji, tia rangi ya unga, chovya kifungu kidogo, anika kivulini. Hukumu kikishakauka, kibichi hudanganya.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nilichovya ukindu kwenye manjano ya jikoni, ukatoka vizuri. Nilipousuuza kwa sabuni ukawa mwekundu kama kutu. Nimeuharibu?

Marahaba mwanangu. Hujauharibu. Sabuni, magadi na maji ya majivu huigeuza manjano kuwa nyekundu. Suuza kwa maji yenye ndimu, itarudi. Ila manjano haistahimili jua, kwa hiyo mkeka huo uweke chumbani, usiutandike barazani.

Bibi, mimi niko Uingereza. Huku Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kila kitu kijivu. Nitatoa wapi rangi?

Pole mjukuu wangu. Fanya kazi yako dirishani saa sita mchana, kwani taa ya njano itakupotosha usitofautishe nyeupe na rangi ya maziwa. Theluji ikianguka siku ya jua, angalia kivuli chake: kina ubuluu. Nenda na sokoni kwao ukapasue kiazisukari chekundu na kabichi la zambarau. Hicho kijivu nacho usikidharau, nyekundu ikikaa juu yake hung'aa kuliko ikikaa juu ya nyeupe.

Dada, naweza kubandua magome ya mikoko hapa Pangani nipate hudhurungi?

Usibandue, mdogo wangu. Mikoko ni msitu wa hifadhi, kuikata bila kibali ni kosa. Chemsha majani ya chai mengi, yaache usiku kucha na ukindu ndani. Itatoka hafifu kidogo, lakini ukiizungushia nyeusi inatosha.