Kabla hujalipia tathmini ya cheti chako

Ukipanga kusoma au kufanya kazi nje, jua kwanza kama taaluma yako inadhibitiwa kisheria kule uendako. Uuguzi, udaktari na ualimu kwa kawaida hudhibitiwa, kwa hiyo neno la mwisho ni la bodi ya taaluma, si la mwajiri. Wapo wanaolipia tathmini ya jumla ya shahada, yaani ripoti inayolinganisha shahada yako na za nchi uendako, kisha bodi inataka ripoti ya aina nyingine kabisa. Hela imeshakwenda, na inauma kwa sababu barua pepe moja kwa bodi ingetosha.

Kwa Ulaya, anzia tovuti ya ENIC-NARIC, mtandao wa ofisi za kutambua vyeti vya nje. Chagua nchi, utaona ofisi rasmi inayohusika. Ujerumani ina kanzidata ya bure iitwayo anabin. Tafuta chuo chako humo: H+ maana yake kinatambuliwa, H- hakitambuliwi, na H+/- ni kwamba itabidi suala lako liangaliwe peke yake. Kurasa ni za Kijerumani, ila usikate tamaa, programu ya kutafsiri itakuvusha. Kanada, kwa maombi ya uhamiaji, hukubali tathmini za taasisi ilizoziteua tu, WES (World Education Services) ikiwa mojawapo.

Halafu transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako, hapo ndipo wengi hukwama. Mara nyingi hutakiwa itoke chuoni moja kwa moja, kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri au kwa njia ya kielektroniki. Iombe kabla hujasafiri. Cheti halisi usikitume kwa posta mpaka ofisi husika ikitake kwa maandishi.