Kabla hujagusa tapeti za pikipiki ya zamani, soma hapa kwanza

Haya nawaandikia wenye pikipiki za zamani zenye tapeti za kuzungusha na bisibisi, yaani zile skrubu za kupangia nafasi kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu yenyewe, hasa Honda CG125 na ndugu zake wa Kichina waliojaa hapa Tanga, zile injini za pushirodi, fimbo zinazosukuma roka. Kama yako ni ya aina nyingine mambo mengi yanafanana ila vipimo havifanani, kwa hiyo usije ukasema nilikwambia.

Injini iwe baridi. Namaanisha baridi kweli, Honda wenyewe wanataka iwe chini ya nyuzi 35, sasa wewe umeipaki juani Ngamiani tangu asubuhi, saa saba unaanza kufungua eti haijawashwa tangu jana, bwana we, jua la Tanga la mwezi wa kwanza limeshaipasha hiyo hedi, kichwa cha injini, bila hata kupiga kiki. Ilaze kivulini, fanya asubuhi na mapema kabla hata ya chai.

Jua kipimo chako cha nafasi ya tapeti. CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, ya kuingiza na ya eksosi. Hiyo namba usiichukue ukaipeleka kwenye Boxer ya mwenzio, kila injini ina yake.

Nunua fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Wembe achana nao, najua wazee wamesetia wembe miaka na miaka, lakini wembe una unene wa kama milimita 0.1, ukipita kwa raha kwenye CG ujue umeshapitiliza. Kama seti yako haina 0.08 bandika 0.05 na 0.03 pamoja, zifute kwanza.

Osha juu ya hedi kabla ya kufungua, brashi na mafuta ya taa vinatosha, mchanga wa barabara ya Pangani ukidondokea kule ndani hautoki kwa kupuliza na mdomo. Stendi ya kati, plagi nje ili injini izunguke kirahisi, gasketi mpya mkononi kabla hujavua ya zamani. Twende.

Alama ya T. Hapa ndo wengi wanapotea. Ukifungua kava ya magneti upande wa kushoto unazungusha magneti kinyume cha saa mpaka herufi T iliyopo juu yake ikae sawa na mkato, watu wakiiona T tu wanakimbilia bisibisi. Hii ni injini ya mipigo minne jamani, T inakuja mara mbili, moja pistoni imepanda kukandamiza na valvu zote zimefunga, nyingine moshi unamalizika kutoka na valvu zote mbili ziko wazi kidogo. Ukisetia kwenye hiyo ya pili umeharibu. Shika roka kwa vidole uzitikise, zote mbili zikicheza kidogo upo sehemu sahihi. Zikiwa zimebana, zungusha raundi moja nzima urudi kwenye T. Njia nyingine angalia valvu ya upande wa kabureta, ikizama afu ikapanda kurudi, T inayofuata ndo yako.

Sasa kubwa lao, na hili ndo limenifanya nikae niandike. Usiifukuze kelele mpaka iishe.

Kuna shemeji yangu mmoja alikuwa na CG ya mkono wa pili, anabeba machungwa kutoka mashamba ya Muheza, siku nyingine anapanda nayo hadi Amani. Mashine ilikuwa inapiga ule mlio wa tik tik tik wa kawaida kabisa, abiria wakawa wanamkera, mashine yako imechoka hiyo. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani, fundi akafungua injini ina moto bado, hana fila geji wala nini, akakaza kwa kusikiliza na sikio, kelele ikapotea yote. Shemeji alikuja nyumbani kunionyesha, anaiwasha anazima, anawasha tena, sikiliza bwana, cherehani! Nikamwambia hata cherehani inalia. Akacheka akaondoka.

Ikaanza pole pole. Asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto ukizima haiwaki mpaka uisukume. Akabadilisha plagi. Akaambiwa kabureta, ikafunguliwa ikaoshwa. Akaambiwa koili, akanunua koili. Hela inatoka na hesabu ya bosi haisubiri kuharibika kwako. Mlima wa Amani ukamshinda akawa anashusha mzigo nusu. Siku alipokuja nikapiga kiki kwa mkono tu, mkono, ikashuka laini kama hamna kitu ndani. Tukavua hedi. Valvu ya eksosi ukingo wake umeliwa upande mmoja, pameungua pamekuwa peupe, ukimwaga petroli kwenye tundu la eksosi inachuruzika hadi chumba cha moto unaiona.

Sababu yake ni hii. Valvu ya eksosi inapoa kwa kukalia kiti chake, pale inapofunga ndo joto linahamia kwenye hedi. Ukikaza tapeti mpaka hakuna nafasi, valvu haikai vizuri, moto unapenya pembeni kila mpigo na joto halina pa kwenda, inaungua. Tapeti iliyolegea inakupigia kelele, unajua. Iliyokaza inanyamaza, tena wewe unafurahi. Na hata bila fundi kuigusa, valvu zikilika zinazama kwenye kiti na nafasi inapungua yenyewe, kwa hiyo mashine kuukuu iliyokuwa na mlio afu ikatulia ghafla bila matengenezo, ipime wiki hiyo hiyo.

Geji ipite kwa kubana kidogo, sio kulazimishwa wala kuelea. Ukikaza nati ya kufungia tapeti, skrubu nayo inataka kuzunguka, ishikilie na bisibisi, afu pima tena baada ya kukaza maana hapo ndo kipimo huwa kinakimbia, kidogo tu tena, wala haifiki robo ya mzunguko. Zungusha injini raundi mbili, rudi kwenye T, pima upya.

Bolti za kava usizikaze kwa hasira, ile ni aluminiamu, uzi ukikatika ni kesi nyingine. Plagi anza kuifunga kwa mkono. Angalia oili. Hesabu spana zako na vitambaa kabla hujafunika. Siku ya kwanza zunguka zunguka Raskazone na Sahare huko usikilize, usiende Amani na mzigo. Fundi akikwambia kaa pale kwenye benchi nitakuita, usikae, simama hapo hapo uangalie anachofanya. Na giza likikukuta hujamaliza funika hedi na kitambaa safi uendelee kesho, tochi ya simu mdomoni sio taa ya kusomea fila geji.