Somo: Kukata leya nyumbani kwenye nywele za kipilipili (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Tangu niweke picha ya kichwa changu hapa, swali ni lile lile: "Dada, ulikatiwa wapi?" Sikukatiwa. Nilijikata mwenyewe, chumbani kwangu Donholm, Nairobi, mbele ya kioo cha kabati. Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Leya ni tabaka tu: nywele za juu fupi kidogo, za chini ndefu, ili kichwa kipate umbo la mviringo. Zikiwa urefu mmoja, nywele zetu hukaa pembetatu, zimelala utosini na zimefura masikioni. Somo hili ni la nywele zisizo na dawa ya kunyoosha, zenye angalau inchi 6 ukizivuta. Kama hujafika hapo, subiri. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na hakuna mafuta yatakayoziharakisha, hata muuzaji aape vipi.

Vifaa: mkasi wa nywele, chanuo, kitana chenye mkia, vibanio vinne, futi ya fundi cherehani, vioo viwili. Mkasi usiwe ule wa kukatia vitambaa, wala wa jikoni, wala ule unaouzwa ndani ya matatu pamoja na sindano na pini. Mkasi butu haukati nywele, unazipinda, na ncha iliyopindwa itapasuka. Maduka ya vifaa vya saluni ya Dubois na River Road yanayo mikasi mizuri. Ukinunua, usikatie kitu kingine chochote, na watoto wasiuone.

1. Osha, weka kondishena, fumua mafundo.

2. Nyoosha kichwa kizima, kwa bloo (mashine ya umeme ya kukaushia nywele) au kwa uzi mweusi wa kusukia. Ukitumia uzi, funga mafungu madogo kuanzia shinani, lala, fungua asubuhi. Mimi sasa natumia uzi, na sababu utaiona hapo chini.

3. Gawa nywele mara nne: mstari kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, na mwingine kutoka katikati ya paji hadi kisogoni. Bana kila fungu.

4. Kata mwongozo. Hapa punguza mwendo.

Mwongozo ni kifungu kidogo cha utosini, upana wa vidole viwili, kinachokatwa kwanza. Nywele nyingine zote zitafuata urefu wake. Ukikosea hapa, umekosea kichwa kizima.

Mimi nilikosea. Ilikuwa Ijumaa usiku, na Jumamosi tulikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yangu huko Kiambu. Nimemaliza kupiga bloo upande wa kushoto, stima ikapotea. Ningelala, ningekuwa salama. Badala yake nikawasha taa ya simu, nikauchana ule upande wa kulia na chanuo, nikasema zitatoshana. Mwongozo nikaukata inchi 5, nikaona ni mrefu sana hata, nikajisifu. Asubuhi nikanyunyiza maji ili mawimbi yarudi. Zile inchi 5 zilirudi hadi chini ya 2, zikasimama utosini kama kishungi cha jogoo. Upande wa kushoto, kwa kuwa ulikuwa umenyooka, nilikuwa nimeukata zaidi. Wa kulia ulikuwa umejikunja, mkasi ukapita juu juu. Sikio moja nje, moja ndani. Nilienda ruracioni na kilemba, na mashangazi wakanisifu kwamba nimekuwa mtu mzima.

Kwa hivyo, pima kabla ya kushika mkasi. Siku ambayo nywele zimeoshwa na kukauka zenyewe, chukua kifungu kimoja utosini. Kipime kikiwa kimejikunja, kisha kivute hadi mwisho ukipime tena. Changu ni inchi 3 kikiwa kimejikunja na 8 nikikivuta. Maana yake nikitaka utosini zikae inchi 3, nahitaji zote 8, yaani hapo sina cha kukata! Rudia vipimo mbele, pembeni na kisogoni, maana kichwa kimoja huwa na mikunjo tofauti, na kuna wenye nywele zinazopungua robo tatu ya urefu wake zikijikunja. Andika namba. Ukishaamua utakata kiasi gani, kata nusu yake. Na kama sehemu moja ya kichwa haijanyooka kama nyingine, usianze, hata kama kesho una harusi. Hasa kama kesho una harusi.

5. Chukua utepe mwembamba wa nywele kando ya mwongozo, uinue wima juu ya utosi pamoja na mwongozo wenyewe, uchane, ubane kwa vidole, ukate kinachozidi. Nenda utepe kwa utepe hadi chini. Nywele zisizoufikia mwongozo ziache, hizo ndizo tabaka lako la chini. Usikate mstari mnyoofu: simamisha mkasi, ncha zake zikitazama ncha za nywele, udonoe kidogo kidogo.

6. Kagua kwa kushika nywele za kushoto na kulia kwa pamoja na kuzivuta mbele ya uso.

7. Osha, ziache zikauke zenyewe, kisha urekebishe. Sio siku hiyo hiyo.

MASWALI

Wambo_Kayole: Naweza kutumia mkasi wa jikoni kama ni mkali?

Jibu: Soma vifaa.

Wambo_Kayole: Nimesoma, lakini wangu ni mpya.

Jibu: Basi kata sukuma nao.

ChanuoLaMbao: Asante dada. Kuna kitu sijaelewa. Nywele zote unazikatia sehemu moja, juu ya utosi. Sasa inakuwaje za chini zinabaki ndefu?

Jibu: Swali zuri, nami lilinisumbua. Fikiria watu wawili wanakutana Kencom, katikati ya jiji. Mmoja ametoka Ngara, hapo karibu, mwingine ametoka Rongai, mbali. Wote wamefika pale pale, lakini wa Rongai ametembea zaidi. Nywele ya kisogoni, ili ifike juu ya utosi, inapanda kichwa kizima. Ya utosini iko hapo hapo. Ukikata pale wanapokutana, kila moja inarudi kwao na urefu wa safari yake. Ndiyo maana ukiinamisha mkono nyuma kidogo, za mbele zinabaki ndefu zaidi, kwa sababu umeziongezea safari. Jaribu kwanza na nyuzi za sufu na mpira wa mtoto, utaona.

ChanuoLaMbao: Nimejaribu na chungwa na uzi. Nimeona! Kwa hivyo nikitaka za usoni zibaki ndefu nivute kuelekea kisogoni?

Jibu: Kabisa. Wewe hutahitaji kilemba.

MamaWawili254: Nina dawa, naacha nikuze asili. Mizizi inchi 4, iliyobaki ni dawa. Nikate leya?

Jibu: Mama, subiri. Pale dawa inapokutana na nywele mpya ndipo panapokatika kwa urahisi, na aina mbili hizo hazijikunji sawa, hivyo vipimo vyako vitakudanganya. Punguza ncha za dawa kidogo kidogo kila baada ya miezi miwili mitatu. Zikiisha, rudi hapa.

Kijana_wa_Umoja: Si mwende kwa kinyozi tu, dakika kumi mmemaliza.

Jibu: Kinyozi wangu ana mashine namba 1 na namba 2. Hiyo si leya, ni kipara kwa awamu.

Susi_KenyattaMarket: Mimi ni msusi. Naongezea: ukikata wigi la nywele halisi, njia ni hii hii, lakini livalishe kwenye kichwa cha plastiki na ukate kidogo mno, maana hilo halikui tena. La nailoni tafutia mkasi wake wa pembeni, nyuzi zile zinamaliza makali.

Jibu: Asante, mwalimu. Na kunoa je? Yule mzee wa baiskeli anayepita mtaani ananoa hadi panga.

Susi_KenyattaMarket: Mpelekee panga. Mkasi wangu mmoja alinirudishia ukiwa na meno kama msumeno. Uliza pale uliponunua ni nani ananoa ya saluni.

Njeri_wa_Githurai: Nywele zilizokatwa mnatupa wapi? Cucu (nyanya yetu) alituambia ndege akizijengea kiota utaumwa na kichwa.

Jibu: Hata kwetu walisema hivyo. Mimi sibishani na wazee. Natandaza gazeti chini, nakunja, natupa na takataka. Wengine wanachanganya na mboji ya sukuma, ila zinachukua muda kuoza.

Wambo_Kayole: Mwongozo ni inchi ngapi?

Jibu: Hatua ya 4.

Wambo_Kayole: Nimeshapima, ni 7 nikivuta na 3 zikijikunja. Lakini nimepiga bloo nusu na stima imepotea.

Jibu: Weka huo mkasi chini. Una uzi mweusi?