Umebadili mstari mmoja, Git inasema umebadili faili zima

Juzi dogo mmoja ninayefanya naye kazi hapa Mwanjelwa, Mbeya, alinigeuzia laptopu yake. "Kaka, mimi nimebadili bei ya kilo ya mchele tu." Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ilikuwa imemwandikia: `1 file changed, 412 insertions(+), 412 deletions(-)`. Faili lenyewe, `bei.php`, lina mistari 412.

1. Thibitisha ugonjwa

`git diff --ignore-space-at-eol HEAD~1`

`HEAD~1` ni hali ya mradi kabla ya komiti ya mwisho (komiti ni mabadiliko uliyoyahifadhi kwenye Git). Ukibaki mstari mmoja tu, tatizo ni miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF. Linux huweka LF peke yake. Kwa jicho faili ni lilelile, kwa Git kila mstari ni mpya.

2. Tafuta mafaili yenye shida

`git ls-files --eol`

`i/` ni kilichohifadhiwa na Git, `w/` ni kilichopo kwenye folda yako. La dogo lilisoma `i/crlf w/crlf`, ndugu zake wote `i/lf`.

3. Andika `.gitattributes`, faili la kuiambia Git miisho ya kila aina ya faili iweje

```
* text=auto eol=lf
*.bat text eol=crlf
*.png binary
```

Wengi watakuambia urekebishe `core.autocrlf`, mpangilio wa Git wa kubadili miisho ya mistari. Mimi siitaki. Mpangilio ule unakaa kwenye laptopu ya mtu mmoja. Akija kijana mwingine na laptopu yake, mnaanza upya. Faili hili linasafiri na mradi.

4. Safisha, na hapa usiharakishe

Kwanza `git status` iwe safi kabisa, isipokuwa `.gitattributes` uliyoiandika sasa hivi. Kisha:

```
git add .gitattributes
git add --renormalize .
git commit -m "Miisho ya mistari iwe LF"
```

Mstari wa kwanza usiuruke, maana `--renormalize` hugusa mafaili ambayo Git tayari inayafuatilia, na `.gitattributes` bado ni mgeni. Kama Git yako ni ya kabla ya 2.16, amri hiyo haitaikubali. Usichanganye komiti hii na kazi nyingine hata ya mstari mmoja. Wenzako nao wapushi kwanza kazi zao (wazipeleke kwenye hifadhi ya pamoja) na muunganishe matawi, la sivyo mtagombana na migongano wiki nzima.

Ukimaliza, Git ni safi ila folda yako huenda bado ina CRLF. Dawa yake ni hii:

```
git rm --cached -r .
git reset --hard
```

Hiyo ya pili haiulizi. Mwaka fulani, mwezi wa saba, Uyole, baridi mpaka vidole vinagoma, niliipiga nikiwa na kazi ya tangu saa nane mchana ambayo sijaikomiti. Nilikuwa nimeangalia `git status` asubuhi! Ctrl+Z kwenye kihariri haikunisaidia, nilishakifunga. Niliandika upya hadi saa nne usiku. Sasa hata nikiiona safi, naiangalia tena sekunde ileile kabla ya kubonyeza Enter. Kama bando linaruhusu, futa folda uvute mradi upya. Ila kilichokuwa hakijapushiwa kitaondoka nacho.

5. Historia

`git blame` huonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho. Tumia `git blame -w`, inayopuuza nafasi na miisho ya mistari, ili lawama za mistari 412 zisimwangukie dogo.

Tulipopiga `git diff --stat HEAD~2 -- bei.php`, kulinganisha na hali ya kabla ya komiti ya dogo na ya usafi, ikatoka `1 insertion(+), 1 deletion(-)`. Bei yenyewe alikuwa amekosea sifuri moja.