Kumchezesha Mtoto Mwenye Ulemavu Nyumbani Wakati wa Maradhi ya Mripuko
Skuli za Zanzibar zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, watoto wenye ulemavu walikosa masomo na pia nafasi ya kunyoosha viungo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo wenye ulemavu, wapate kwa wastani dakika 60 za harakati kila siku, nazo zinaweza kugawanywa kwa kadiri mtoto anavyoweza.

Kwa mtoto asiyeona, funga kamba ya usumba kutoka nguzo ya baraza hadi shina la mwembe, kimo cha kiuno chake, na karibu na mwisho ufunge fundo ili mkono wake ujue pa kusimama. Usumba hukwaruza, kwa hiyo mpe kipande cha kanga cha kushikia. Mwanzo tembea naye. Akishazoea, mwache akimbie peke yake, kwani furaha ya kukimbia bila kushikwa mkono si ndogo.

Mwenye utindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayodhoofisha misuli na mwendo, mkalishe mkekani, umwegemeze kifuani pako, umwekee vifuu mbali kidogo na mkono wake dhaifu ili aunyooshe kuvifikia, wala usimharakishe. Akionesha maumivu, acha. Vifaa vioshwe kwa sabuni, na mwenye homa apumzike.