Kupima kipeo cha spektra cha W44 kwa picha za redio za bure

Mwanafunzi mmoja wa fizikia hapa Lubumbashi aliniletea kipeo cha spektra (namba inayoonyesha jinsi nguvu ya redio inavyobadilika na masafa) cha W44, masalia ya nyota iliyolipuka, kilichomkosesha usingizi. Chake kilikaribia -0.5, ilhali katalogi ya mabaki ya supanova ya David Green wa Cambridge inatoa 0.37 (Green haandiki alama ya kutoa). Hesabu yake ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa picha aliyoichagua. Nimeandika hapa njia tuliyopita naye.

Hatua ya 1: pakua. W44 iko kwenye longitudo ya galaksi 34.7, latitudo -0.4. Unahitaji picha mbili za upimaji wa anga kwa redio: ya GLEAM kutoka Australia, masafa ya megahezi 170 hadi 231, na ya VGPS, megahezi 1420. Ya GLEAM kata kipande cha digrii 2 kwa 2 tu. Mega za intaneti zina bei, na picha kubwa haikuongezei kitu.

Hatua ya 2: fungua CARTA, programu ya kutazama picha za redio. Wengi wamezoea programu ya DS9, nami siwakatazi, lakini kwa vitu vilivyotanda CARTA haina mpinzani: unachora eneo, jumla inatoka papo hapo.

Hatua ya 3: hakikisha picha haijapoteza mwanga. Hapa ndipo siku nzima huteketea, kwa hiyo nenda polepole.

Mwanafunzi yule alitumia picha ya NVSS, upimaji mwingine wa anga, kwa sababu ni rahisi kuipata na inapendeza machoni. NVSS ilipigwa na VLA, mtambo wa Marekani wenye antena nyingi zinazofanya kazi pamoja. Mtambo wa namna hiyo hauoni kitu kipana kupita kiwango fulani, na kiwango hicho hupangwa na antena mbili zilizo karibu zaidi. Gawa urefu wa wimbi kwa umbali wao: sentimita 21 kwa mita 35 ni takriban radiani 0.006, yaani dakika 20 za tao. Kwa vitendo ni chini ya hapo. W44 ina dakika 35 kwa 27. Basi kingo zake kali zitaonekana vizuri sana, na ule mwanga laini unaojaza katikati utapungua bila programu kukuonya.

Tuseme umepoteza asilimia 20 kwenye megahezi 1420, na kwenye 200 hujapoteza kitu. Logi ya 0.8 gawa kwa logi ya 7.1 (yaani 1420 gawa kwa 200) ni -0.11. Kipeo cha -0.37 kinageuka -0.48. Ukikiamini, utaandika maelezo marefu kuhusu elektroni zinazopoteza nishati, na hakuna elektroni hata moja iliyohusika.

VGPS haina tatizo hilo, kwa sababu data za VLA ziliunganishwa na za dishi moja kubwa, Effelsberg la mita 100. Ukilazimika kutumia picha isiyo na dishi moja, soma kwanza umbali mfupi wa antena zake. Hata MeerKAT ya Afrika Kusini, ninayoipenda kuliko mitambo yote ya Afrika, huanzia mita 29. Dalili ya kutafuta kwenye picha ni bakuli jeusi lenye namba hasi kuzunguka masalia. Ila kutoliona bakuli si uthibitisho kwamba uko salama.

Hatua ya 4: vipimo. VGPS iko kwa kelvini. Kwa bimu (doa dogo kabisa ambalo darubini inaweza kulitofautisha) ya sekunde 60 za tao, jansky 1, kipimo cha nguvu ya redio, kwa bimu ni takriban kelvini 168. GLEAM iko kwa jansky kwa bimu, soma BMAJ na BMIN, upana mkubwa na mdogo wa bimu, kwenye kichwa cha faili (ziko kwa digrii!), kisha eneo la bimu ni 1.133 × BMAJ × BMIN.

Hatua ya 5: ondoa mwanga wa galaksi. Chora poligoni moja, uitumie ileile kwenye picha zote mbili. Pima wastani nje yake, pande kadhaa, ukikwepa maeneo ya gesi ya joto yaliyo jirani. Mimi napima kwa pande tofauti na kuchukua mtawanyiko wake kama kosa langu, kwa sababu hapa ndipo kosa halisi lilipo, si kwenye kelele za mtambo. Jumla ya 1420 ikikaribia jansky 210, uko njiani.

Hatua ya 6: mazingira. Fungua ramani za CO (kaboni monoksidi, gesi inayoonyesha mawingu ya molekuli) za upimaji wa FUGIN, zilizopigwa na dishi la mita 45 la Nobeyama, Japani. Pita kanali moja moja karibu na kilomita 45 kwa sekunde. Wingu la molekuli litajitokeza likiegemea masalia. Usiridhike na kuegemea, kwani mawingu mawili yanaweza kufuatana kwenye mstari mmoja wa macho bila kugusana. Tafuta mahali mstari wa CO unapopanuka ghafla, kisha linganisha na maser za OH (nukta za redio zilizokuzwa kama leza) za megahezi 1720, ambazo huwaka pale wimbi la mshtuko linapopiga gesi ya molekuli. W44 inazo, na ziko kwenye kasi ileile ya wingu.