Somo: Kumchukua mbwa asiye na makao na kumfunza kuwinda kanga na kwale

Naandika somo hili ili nisiendelee kumjibu kila mtu peke yake jambo lilelile. Wengi huniuliza kama mbwa aliyeokotwa kandokando ya soko la Majengo anaweza kuwinda ndege, au ni lazima waagize mbwa wa mbegu ya kigeni. Anaweza, na kwa jua na miiba ya Dodoma mimi humchagua wa kienyeji, mradi mwenye mbwa asiwe na haraka.

Hatua ya kwanza ni kibali. Kuwinda ndege pori bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na bunduki ina leseni yake. Unapoomba, eleza waziwazi kwamba unakusudia kwenda na mbwa, na usimtoe nyumbani mpaka uwe na ruhusa hiyo kwa maandishi.

Hatua ya pili ni kuchagua. Arusha na Dar es Salaam yapo makao ya mbwa waliookolewa, lakini hapa kwetu wengi huchukuliwa mtaani. Kwa hiyo waulize kwanza majirani na mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu mbwa anayezurura huenda ana mwenyewe. Mchague anayekusogelea kwa hiari na anayetumia pua: tupa kipande cha nyama majanini, uone nani anakitafuta mpaka akipate.

Hatua ya tatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo na ya kupe.

Hatua ya nne, mfundishe jina lake, «njoo» na «kaa», ukimtuza kwa dagaa.

Hatua ya tano ni «leta». Funga bawa la kuku kwenye kitambaa, umfunge mbwa kamba ndefu, urushe karibu, kisha umwite. Akifika, usimnyang'anye, mbadilishie kwa dagaa, la sivyo atajifunza kukimbia na windo. Mzoeze pia kupita katikati ya kuku na kanga wa kufugwa bila kuwagusa, kwa kuwa jirani hatajali kwamba mbwa wako yumo mafunzoni.

Hatua ya sita ni mlio wa bunduki, na hapa ndipo nimeona mbwa wengi wazuri wakiharibika. Mbwa aliyekulia mtaani amepigwa mawe, na huenda amenusurika msako wa kupiga risasi mbwa wanaozurura. Kwake mlio huo una maana tayari, na kazi yako ni kuubadilisha uwe dalili ya chakula. Wakati anakula, mtu mwingine agonganishe mbao mbili kutoka mbali, kama mita mia moja. Akiendelea kula bila kushtuka, siku nyingine msaidizi asogee kidogo. Akiacha chakula, akilaza masikio au akibana mkia, rudini nyuma na mkae hapo siku kadhaa. Mbao zikizoeleka kabisa, ndipo bunduki ianze, nayo ianzie mbali vilevile, mahali panaporuhusiwa. Usimpeleke penye wafyatuaji wengi eti umjaribu, usimfunge mtini ili azoee kwa nguvu, wala usifyatue juu ya kichwa chake. Hofu ikishaingia, huenda isitoke kamwe.

Hatua ya saba, anza na kwale, ambao hujibanza majanini mpaka mbwa awakaribie. Kanga hukimbia mbali kwa miguu na kumvuta mbwa mchanga nje ya sauti yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Dodoma mjini: Mkuu, wangu ana miezi minne na nina safari mwezi ujao. Naweza kuiruka hatua ya sita?

Jibu: Hapana. Sababu nimeiandika hapo juu.

Mwanachama, Kongwa: Nimemchapa sana, bado anakimbiza kuku. Njia yako haifanyi kazi.

Jibu: Kuchapa hakumo katika somo langu. Rudi kwenye kamba na dagaa.

Mwanachama, Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Mbwa wangu hunusa vizuri alfajiri, lakini ikifika saa nne hupita juu ya bawa bila kuliona. Je, pua huchoka?

Jibu: Marahaba, mwanangu, umeangalia vizuri. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na akihema mdomo wazi hawezi kunusa sawasawa. Tena ardhi ikikauka, harufu hudhoofika. Fanya kazi mapema, umpe maji kidogo kidogo mara nyingi, na umalize kabla jua halijakomaa. Ukiona ufizi umekuwa mwekundu sana au anayumba, mpeleke kivulini, mloweshe maji tumboni na miguuni, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari.

Mwanachama, Bahi: Mimi naongeza kwamba mbigili humlemaza mbwa kuliko umbali. Kila mkirudi, kagua katikati ya vidole na ndani ya masikio.

Jibu: Ahsante sana, ndugu. Nami hukagua kwapani, ambako kupe hujificha.

Mwanachama, Chamwino: Wangu hajachanjwa, na leo amemng'ata mtoto kidogo tu. Nisubiri nione?

Jibu: Usisubiri hata kidogo. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, umpeleke mtoto hospitali leo hii. Mbwa afungiwe, na daktari wa mifugo aarifiwe.

Mwanachama, Manyoni: Mwalimu, huku kuna ndorobo, wale nzi wanaofyonza damu. Je, humdhuru mbwa, au ni ng'ombe tu?

Jibu: Humdhuru sana, na swali lako ni la maana. Ndorobo humwambukiza mbwa nagana: hupata homa, hukonda, na mara nyingi jicho huingia ukungu. Ukiona jicho limebadilika, apimwe damu mara moja, na umweleze daktari kwamba mlipita penye ndorobo, asije akadhani ni ugonjwa wa kupe.